Mnazi Hausubiri Saa Kumi na Moja

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilipanga kwamba baa ya kawaida nchini Kenya ifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana mwisho wa wiki na sikukuu, kisha ifungwe saa tano usiku. Walioitunga walikuwa na sababu nzito, kwani nyumba nyingi zilikuwa zimeumizwa na watu wanaoshinda kwenye pombe tangu asubuhi. Lakini kileo walichokuwa nacho mawazoni kilikuwa cha chupa. Bia iliyouliwa chachu kwa moto na kuzibwa kiwandani haijali kama imefunguliwa saa nne au saa kumi na moja. Mnazi, yaani tembo la mti wa jina hilo, uliogemwa alfajiri Kilifi, ukikaa hadi jioni, si kinywaji kilekile tena. Nitafuata kazi yake tangu kotama inapogusa karara hadi mrija unapofika mdomoni, kwa sababu huu ni ufundi mkubwa na tunauharibu kwa kutoujua.

Ukiwa Shella, mtaa mkongwe wa Malindi wenye Msikiti wa Juma na makaburi yake ya minara, usitafute mangwe, kilabu cha mnazi. Huu ni mtaa wa swala, na minazi iliyomo humo ni ya tui, ya madafu na ya makuti. Hilo linastahili heshima na sina neno nalo. Hata hivyo, ukanda huohuo wa pwani una hoteli za kitalii, na mgeni anayelala humo hupata mvinyo wa Italia kwa urahisi kuliko kinywaji kinachochachuka mashambani, mwendo mfupi tu kutoka kitandani kwake. Toka mjini uelekee Ganda, Msabaha, Gede au Kakuyuni, na utaona minazi yenye vidato vilivyochongwa shinani hadi juu. Hiyo ndiyo ngazi ya mgema.

Mkwezi na mgema wote hupanda, lakini kazi zao ni mbali. Mkwezi huangua nazi akashuka, na huenda asiurudie mti ule kwa wiki kadhaa. Mgema ameufunga maisha yake na mti. Huchagua karara changa ambalo halijapasuka, lenye shada la maua ndani, akalifunga kwa kamba tangu shina lake hadi karibu na ncha ili maua yasifunguke. Kisha hulivuta chini kidogo kidogo, siku baada ya siku, likubali kuinama bila kuvunjika. Akiliinamisha kwa haraka hupasuka, na kazi ya siku zote hizo imekwenda. Linapokuwa tayari, hukata ncha kwa kotama, kisu kile kipana kilichopinda, na kuning'iniza chombo chini yake.

Ujuzi wenyewe umo katika kile kikato. Mti hujiponya. Jeraha likiachwa, mirija myembamba inayopitisha utomvu huziba na matone hukoma. Kwa hiyo mgema hupanda asubuhi na jioni, wengine na mchana pia, na kila mara hukwangua ncha upya, ubapa mwembamba tu. Akikata ubapa mnene, karara litakwisha kabla ya wakati wake. Akikata mwembamba kupita kiasi, hatafungua jeraha sawasawa na chombo kitabaki na maji kidogo. Karara lililotunzwa na mkono unaojua hutiririka kwa wiki nyingi, na mti mzuri hutoa lita moja au mbili kwa siku. Kotama butu huponda badala ya kukata, na karara lililopondwa huoza. Ndiyo maana wagema hunoa visu vyao mara kwa mara, na ndiyo maana mgema mzuri haazimi kotama yake.

Utomvu unapodondoka ni maji matamu, karibu hauna ukali wowote, na una sukari kiasi cha asilimia 12 hadi 17. Ukiuchemsha papo hapo hadi uwe mzito, unapata asali ya tembo. Ukiuacha, kazi huanza yenyewe. Hakuna mtu anayetia hamira. Chachu za porini zimo hewani, kwenye ganda la karara, miguuni mwa nyuki wanaofuata utamu, na zaidi ya yote ndani ya chombo chenyewe, katika utando wa mnazi wa jana. Zinapokutana na sukari katika joto la pwani, la nyuzi 27 hadi 30, hazisiti. Pamoja na chachu ile ile ya jamii ya hamira ya mkate, kuna bakteria waitwao Zymomonas mobilis, ambao nao hugeuza sukari kuwa kileo na gesi kwa kasi kubwa. Kuna na bakteria wa maziwa mala, ambao huleta ule uchachu laini na rangi nyeupe ya ukungu.

Hapo ndipo hesabu ya saa inapoanza kuwa na maana. Katika saa za mwanzo mnazi ni mtamu, una mapovu, na kileo chake ni kidogo. Baada ya nusu siku hufika nguvu ya bia ya chupa, asilimia 4 au 5, utamu umepungua, uchachu umepanda, na vyote viwili vimekutana mahali pazuri. Kwangu mimi huo ndio mnazi. Ukilala usiku, sukari inakaribia kwisha, kileo kinapanda zaidi, na ladha inakuwa kavu na kali. Baada ya hapo wanaingia bakteria wengine wanaohitaji hewa, wanaokula kileo chenyewe na kukigeuza kuwa siki. Siki ya mnazi ni nzuri sana jikoni, lakini aliyelipia mnazi hakulipia siki.

Mteja anayejua, akikaa kwenye mangwe, huuliza kwanza: “Wa leo ama wa jana?” Swali hilo fupi limebeba sayansi yote niliyoieleza hapo juu.

Waingereza wamepigania jambo la namna hii. Mwaka 1971 wanaume wanne waliokuwa matembezini Ireland walianzisha chama cha kutetea bia hai, CAMRA, baada ya kuchoshwa na viwanda vikubwa vilivyokuwa vikichuja bia, kuua chachu yake kwa moto na kuisukuma kwa gesi ili isafiri mbali na kukaa muda mrefu. Bia waliyoitetea ni ile inayoendelea kuchachuka ndani ya pipa lilelile inamotolewa, bila gesi ya kuongezwa. Pipa la namna hiyo likishafunguliwa lina takriban siku tatu za uzuri, basi. Kwa hiyo mwenye baa hodari hanunui pipa kubwa kwa tamaa ya bei. Hununua pipa dogo la lita 41 hivi, akijua wateja wake watalimaliza kabla halijaharibika. Chama kile kilielewa kwamba ubora wa bia hai hautengenezwi na mpishi peke yake, kwani mwenye baa humalizia kazi. Kikaanza kuzisifu baa kwa majina na kuchapisha kitabu cha kuziorodhesha kila mwaka, na watu wakawa tayari kusafiri kulifuata pipa badala ya pipa kuwafuata.

Siku tatu! Mgema wa Ganda angezipokea kwa shukrani. Mnazi una saa, na kila kitu katika mangwe nzuri kimepangwa kuzizingatia. Mangwe iko karibu na minazi kwa sababu hiyo. Mwenyewe hununua kwa wagema kadhaa, kila mmoja na chombo chake, na hataki kuvimimina vyote katika pipa moja, kwa sababu mnazi wa jana ukichanganywa na wa leo huupa wa leo jeshi zima la chachu na bakteria na kuuzeesha mara moja. Vyombo huoshwa na kuanikwa juani. Kibuyu hakitakuwa safi kama chupa ya hospitali, wala hakipaswi kuwa, maana kinabeba chachu ya kesho, lakini kuna tofauti kubwa kati ya kibuyu chenye chachu hai na jerikeni la plastiki lenye masalia ya wiki nzima yaliyogeuka siki. Mteja hunywea kwenye mboko, kibuyu cha kunywea, kwa mrija wenye kichujio kidogo mwishoni kinachozuia nyuki, chenga za maua na vipande vya ganda. Kichujio hicho ni ufundi wa watu wa Mijikenda ambao hausifiwi inavyostahili, kwa sababu unamwezesha mtu kunywa kinywaji kisichochujwa bila kukiua kwa kukichuja.

Methali kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji wengi huitumia kuonya juu ya sifa. Anayeuza mnazi huichukua kama taarifa ya udanganyifu, na udanganyifu huo unatambulika. Maji hupunguza mapovu na kuacha ladha bapa. Sukari ya dukani ikitiwa kuficha maji, utamu unabaki juu ya ulimi huku uchachu ukiwa mbali nao, kama sauti mbili zinazoimba nyimbo tofauti. Mnywaji mzoefu hahitaji maabara.

Ubora huu una ulinzi wa kijamii pia. Mwanaanthropolojia David Parkin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1972 kuhusu Wagiriama wa upande wa Kaloleni, alionyesha jinsi minazi na mnazi vilivyofungamana na ndoa, matanga na ushahidi wa wazee. Aliyenunua mashamba ya minazi alihitaji wazee wa kumshuhudia, na wazee walikaribishwa kwa mnazi. Katika mahari ya Mijikenda, ambao Wagiriama ni sehemu yao, kadzama, chombo cha mnazi kinachopelekwa kwa wakwe, si pambo. Ukipeleka mnazi uliochacha kwa wakwe umejieleza wewe ni mtu wa namna gani. Kinywaji kinachopimwa na wazee mbele ya watu hakiwezi kuharibiwa ovyo.

Kinachokiharibu ni woga. Msako wa pombe haramu unapofika pwani, mgema hutiwa kapu moja na anayechanganya kemikali za viwandani. Vifo vya Mei 2014 katika kaunti kadhaa za Kenya, na vile vya Kirinyaga mwaka 2024, vilitokana na vileo vilivyotiwa sumu. Mnazi haukenekwi. Ni utomvu uliochachuka, na ukikosea zaidi unapata siki. Lakini mwenye mangwe anayeogopa askari huficha mnazi wake vichakani hadi giza liingie, huumimina katika vyombo vikubwa ili aweze kukimbia navyo, na huwauzia watu mnazi wa jana, ulio mkali kuliko wote. Tunapata ulevi zaidi na ladha kidogo, kinyume kabisa na alichokusudia mtunga sheria.

Turudi kwenye saa. Chombo kinachoteremshwa asubuhi ndicho kinachojaa zaidi, kwa kuwa kimepokea matone ya usiku kucha, ambayo tayari yameanza kuchachuka. Kikiteremshwa saa moja asubuhi, baa ya kisheria inafunguliwa saa kumi baadaye. Matone ya jioni yana bahati, yanateremka karibu na saa ya kufungua. Sehemu kubwa ya kazi ya mgema, hata hivyo, inalazimika ama kuuzwa kwa kuvunja sheria ama kuzeeka kwa kuitii. Sisemi watu wanywe tangu alfajiri. Nasema kinywaji chenye asilimia ndogo ya kileo asubuhi na kubwa usiku kinahitaji ratiba yake: dirisha fupi la mauzo kabla ya adhuhuri, kwa kipimo, kwa watu wazima, na marufuku ya kuuza mnazi uliolala.

Kerala, India, wana minazi kama yetu na wana wagema. Huko maduka ya tembo yana leseni, hupika muhogo na samaki wa mchuzi wa pilipili, familia huenda kula, na tangu mwaka 1969 kuna sheria ya hazina ya ustawi wa wafanyakazi wa tembo. Mgema akianguka kutoka juu ya mti, kuna mahali pa kudai. Kwetu mgema akianguka huchangiwa na jirani zake.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipita. Karara lililogemwa halizai nazi. Ua huchukua karibu mwaka mmoja kuwa nazi iliyokomaa, na mwenye shamba anayehitaji karo leo hawezi kungoja mwaka, kwa hiyo hugema kila karara, na tui la Shella linapanda bei. Dawa yake haiko katika kupiga marufuku. Mti hutoa karara jipya takriban kila mwezi, na mkulima anaweza kugema baadhi na kuacha mengine yazae, ikiwa lita moja ya mnazi mzuri inauzwa bei nzuri. Bei nzuri haipatikani vichakani.

Katiba ya 2010 iliweka leseni za vileo mikononi mwa kaunti, kwa hiyo hapa hatuhitaji kungoja Nairobi. Wajumbe wa Bunge la Kaunti ya Kilifi, tungeni leseni ya mangwe iliyo tofauti na leseni ya baa: iwe na saa zake, vyombo vyake, umbali wake kutoka shuleni na misikitini, na jina la mgema liandikwe ukutani. Nawe msomaji unayekunywa, ukifika Ganda au Gede, uliza kama ni wa leo. Ukiambiwa ni wa jana, usinunue.