Maneno ya Mpokeaji na Maneno ya Mtozwaji

Waingereza wana neno loot, maana yake mali iliyonyang'anywa. Asili yake si kwao. Walilitwaa katika Kihindi, zamani za kampuni yao na askari wao katika nchi ya India, basi wakachukua mali na jina lake pamoja. Hata leo hulitamka kwa kicheko, wakaliita hivyo hata fungu la zawadi za sikukuu. Twaona sababu yake: ni neno la mchukuaji, si la mnyang'anywa.

Yafaa tuyapime na maneno yetu vivyo hivyo, tukiuliza: je, neno hili laweza kutoka kinywani mwake atakaye kupokea? Kutoka Magogoni hata Kariakoo hatujamsikia mtu asemaye, "Nipe mlungula." Huomba chai, au soda, au kitu kidogo. Mlungula, hongo na rushwa ni maneno ya aliyetozwa, naye mara nyingi huyanena akiisha kufika nyumbani.

Neno hongo lina habari zake. Zamani za misafara lilikuwa jina la ushuru waliotoza watemi wa bara ili wasafiri wapate kupita. Stanley aliulipa katika Ugogo mwaka 1871, kwa nguo, baada ya mabishano marefu juu ya hesabu ya doti. Yote hayo yalifanyika mchana, mbele ya watu. Siku hizi ni jina la kitu kilichofumbatwa kiganjani. Neno limeshuka hadhi, nasi hatulisikitikii, kwa kuwa mpokeaji hulichukia.

Takrima, kinyume chake, ilipandishwa. Ni neno la asili ya Kiarabu, lenye maana ya kumkirimu mtu na kumheshimu. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa, ikaelezwa kwamba kitu atoacho mgombea kwa nia njema, kuwa ni ukarimu wa desturi, kisihesabiwe rushwa. Hapo ndipo tunapolaumu, maana sheria ililitwaa neno kinywani mwa mtoaji na mpokeaji. Pishi ya mchele apewayo mgeni na pishi ile ile apewayo mpiga kura si kitu kimoja: mgeni hadaiwi kitu. Na mgombea asiye na mchele je? Mahakama Kuu, katika mji huu wa Dar es Salaam, ilikibatilisha kifungu hicho mwezi wa Aprili 2006, ikaona kwamba chapingana na Katiba, tena chawabagua wagombea wasio na mali.

Chai haikuandikwa katika sheria yo yote, kwa hiyo hakuna jaji awezaye kuibatilisha. Darasani twawataka watoto waandike, "Karani alidai hongo," wala si, "Karani aliomba chai." Wengine hucheka, wakasema kwamba sentensi ya kwanza ni kali mno.