Nanga Baada ya Sidii

Mhakiki wa tungo zilizoandikwa huuliza kwanza: nakala tuliyo nayo ni ipi, nani aliyeinakili, na wapi? Hakuna msomi atakayethubutu kuupima Utenzi wa Tambuka au Al-Inkishafi pasipo kulijibu swali hilo. Lakini tufikapo kwenye tungo zinazoimbwa, aghalabu twaridhika na sauti tu, kana kwamba sauti haina nakala. Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba inayo. Na kwamba siku hizi, sidii zinapotoweka madukani na nyimbo kuhamia kwenye simu na mtandao, swali la nakala limekuwa zito kuliko zamani. Mfano wetu tutautoa Kaisho na nchi iliyoizunguka.

Kaisho imo katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Mkoa wa Kagera. Hadi mwaka 2012 ilihesabiwa kuwa katika Wilaya ya Karagwe. Tangu hapo imo katika Wilaya ya Kyerwa. Wenyeji wake ni Wanyambo, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kihaya, na wa Kinyankole kisemwacho ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda. Katika nchi hizi zote hupigwa enanga, ambayo kwa Kiswahili tumezoea kuiita nanga: ubao uliochongwa mfano wa hori dogo, na nyuzi zikipitishwa juu yake huku na huku. Mpigaji huimba au husimulia juu ya nyuzi hizo. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1983 na tasnifu yake ya mwaka 1986 juu ya nanga za Wahaya, alionyesha kwamba masimulizi kama Rukiza na Kachwenyanja yastahili kuwekwa katika safu ya tendi za dunia. Basi tunaposema habari za kuhifadhi nanga, hatusemi habari za burudani peke yake. Twasema habari za fasihi.

Kila chombo kilichowahi kubeba sauti kimekuwa na kipimo chake, na kipimo hicho kimeukata utungo. Santuri ya kale ilichukua kama dakika 3 kila upande. Utendi haukuweza kuingia humo ila vipande vipande. Kanda ya kaseti ilichukua dakika 30 au 45 kila upande, na msimulizi alilazimika kunyamaza wakati wa kuigeuza. Sidii, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, ilichukua dakika 74 bila kugeuzwa. Kwa utendi mrefu, hicho kilikuwa chombo kizuri. Tena kilikuwa na jalada, na mchapishaji mwangalifu aliweza kuandika humo jina la mwimbaji, kijiji chake, na mwaka wa kurekodiwa. Kwa lugha ya maktaba, sidii ilikuwa toleo.

Mtandao haukuweka kikomo kama hicho cha dakika, na kwa sababu hiyo mtu angedhani kwamba utendi umepata uhuru wake. La hasha. Kipimo kimehama kutoka kwenye chombo kikaingia kwenye malipo. Spotify, iliyofunguliwa Tanzania mwaka 2021, huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa mara tu sekunde 30 zipitapo. Kwa hesabu hiyo, utendi wa nusu saa wapata sawasawa na wimbo wa dakika 3. Msimulizi mwenye busara ya biashara ataukata utendi wake vipande kumi, kila kimoja na jina lake. Hapo tumerudi kwenye santuri ya kale, wala hakuna aliyetulazimisha.

Jambo la pili ni ukamilifu wa sauti. Sidii huandika sauti mara 44,100 kila sekunde kwa kila upande wa masikio, na nusu saa yake hujaza kama megabaiti 317. Faili la MP3 la kiwango cha kawaida hupunguza nusu hiyo ya saa kuwa megabaiti 29 hivi, na huipunguza kwa kutupa yale ambayo sikio hudhaniwa halitayasikia, hasa sauti ndogo iliyofunikwa na sauti kubwa. Sasa nanga ni sauti ndogo, na koo la msimulizi ni sauti kubwa. Mtu apendaye kusikia kisa hatapungukiwa na kitu. Lakini mtafiti atakaye kujua jinsi uzi unavyoufuata mkazo wa neno hawezi kuwa na hakika kama analosikia ni la mpigaji au la mashine.

La tatu ni jina, na hapa ndipo wanalugha wanapohusika zaidi. Mtandaoni wimbo hupatikana kwa maandishi yake tu. Atafutaye "nanga" kwa Kiswahili aelekee kukutana na nanga ya meli, ambayo waimbaji wa dini waipenda sana. Atafutaye "enanga", kwa irabu ya mwanzo kama wasemavyo wenyewe, hupelekwa njia nyingine. Atafutaye utendi wa Kaitaba huenda akaletewa habari za kandanda, maana uwanja wa mpira wa Bukoba una jina hilo hilo. Na wimbo wa Kinyambo ukiandikwa kuwa wa Kihaya, au kuwa wa "asili" tu pasipo zaidi, kwa mtafutaji haupo. Irabu moja yatosha kuuzika utendi.

Yafaa tuseme pia upande wa pili, maana si haki kuilaumu zama mpya na kuisifu iliyopita. Sidii nyingi zilizouzwa katika masoko yetu zilikuwa nakala za nakala, zisizo na jalada wala jina. Zilikwaruzika, zikajaa vumbi, zikaacha kusoma. Zilihitaji mashine na umeme, hali simu hutosheka na sola ndogo juu ya bati. Mtandao pia huvuka mpaka bila kusimama: Mnyankole wa Mbarara aweza kumsikiliza Mnyambo wa Kaisho, wakaelewana. Na tumeona kwamba huweza kuufufua wimbo. "Maria Salome" wa Saida Karoli, uliotoka mwaka 2001, ulienea nchi nzima kwa kanda na sidii. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutwaa katika "Salome" yao, ukavikwa maneno na midundo mingine, na vijana wengi ambao hawakuwahi kuishika kanda ile wakaurudia wimbo wa kwanza. Hata hivyo waliurudia kwa sababu jina la mwenye wimbo lilijulikana. Mpiga nanga wa kijijini, ambaye faili lake limeandikwa "wimbo 07", hana wa kumrudia.

Tofauti kubwa basi ni hii. Sidii ilikuwa mali: mwenye nayo Kaisho aliweza kuiazima, kuigawa, na kuirithisha. Wimbo wa kusikilizwa mtandaoni ni wa kupanga, kama nyumba. Siku mwenye haki aundoapo, au kampuni ifungapo mlango, msikilizaji habaki na kitu, na mtafiti habaki na nakala. Hata kibanda cha kurusha nyimbo kwenye simu na flashi, pamoja na makosa yake ya kisheria, humwachia mtu faili mkononi.

Hatushauri mtu ajitenge na mtandao. Huko ndiko wasikilizaji waliko. Twashauri kwamba kila nanga ipelekwayo huko iwe na mama yake mahali pengine: nakala isiyopunguzwa, iliyowekwa katika chuo au maktaba, na nyingine kwa jamaa ya mwimbaji. Iambatane na jina la mwimbaji, kijiji, wilaya kama ilivyoitwa siku ile, mwaka, lugha, na jina la utungo kwa tahajia ya wenyewe na kwa tahajia ya Kiswahili. Na maneno yake yaandikwe, kwa Kinyambo na kwa tafsiri. Kazi hii si ya mafundi wa kompyuta. Ni ya wanalugha, nayo yahitaji kufanywa maadamu wako wazee wanaoyajua maneno hayo na kuweza kutueleza maana yake.