Babu Hakusafiri: Vitabu vya Picha Kutoka Sweden na Watoto Wetu wa Shule ya Jumapili

Katika chumba cha Shule ya Jumapili hapa Mkunya lipo sanduku la vitabu vya watoto tulivyoachiwa na wageni kutoka Sweden. Ni vitabu vya picha kubwa na maneno machache, na vyote ni vya Kiingereza, kwa sababu wageni wetu walitafuta lugha ambayo wangeweza kukutana nasi. Kwa hiyo kila kitabu kikifunguliwa kimeshasafiri mbali. Kimetoka katika Kiswidi, kikaingia katika Kiingereza, mwalimu anakigeuza Kiswahili papo hapo, na watoto walio nyuma wanaelezana kwa Kimakonde.

Sisi hatuna sababu ya kuidharau safari hiyo. Kanisa la huku lilikua kwa maneno yaliyotafsiriwa. Askofu Edward Steere, aliyewaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja mpaka Masasi mwaka 1876, ndiye huyo huyo aliyeketi na kuyatafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Tunajua, basi, kwamba mwenye kutafsiri huchagua, na neno alilolichagua laweza kumsaidia msikilizaji au kumpoteza njia. Tumeona vyema tuwaeleze waumini wenzetu juu ya vitabu vitatu vya sanduku hilo, na juu ya neno moja lililotushinda kulitamka.

Cha kwanza ni cha Elsa Beskow, kilichotoka Sweden mwaka 1912, na kwa Kiingereza kinaitwa Pelle's New Suit. Pelle ana mwanakondoo wake. Koti lake limekuwa fupi, basi anamkata manyoya mwanakondoo na kumpelekea bibi yake ayachambue. Bibi anakubali, ila wakati huo Pelle ampalilie karoti. Bibi wa pili anasokota uzi, naye Pelle anamchungia ng'ombe. Mama anafuma kitambaa, Pelle anamwangalia mdogo wake. Fundi anashona suti, Pelle anakusanya nyasi, anabeba kuni na kulisha nguruwe. Jumapili inapofika anavaa suti yake na kwenda kumshukuru mwanakondoo.

Watoto wetu walikielewa bila maelezo, maana nao hutumwa. Mmoja aliuliza kwa nini shukrani ya mwisho iende kwa mwanakondoo. Mwenzake alijibu kabla yetu: kwa sababu yeye hakudai kazi. Hatukuona haja ya kuongeza mahubiri.

Cha pili ndicho kilichotutikisa. Kimeandikwa na Ulf Nilsson na picha zake ni za Eva Eriksson. Watoto watatu, siku ya kuchosha, wanamkuta nyuki amekufa. Wanamzika, kisha wanaanzisha kampuni ya mazishi ya wanyama wadogo. Esther anachimba, mwenzake anatunga mashairi ya kuaga, na mdogo wake Esther kazi yake ni kulia. Hapo darasa zima lilicheka, nasi tukacheka, kwa kuwa ni misiba yetu ile ile: hawa makaburini, hawa jikoni, hawa kwaya. Wanazika jogoo, wanazika sungura aliyegongwa na gari. Eriksson amewachora watoto hao wakiwa wadogo sana katika uwanja mpana, nyuso zao nzito kwa uzito wa kazi. Hawachekwi na mchoraji, wala mwandishi hawadanganyi.

Lakini tazameni jalada. Kwa Kiswidi kitabu kinaitwa Alla döda små djur, yaani wanyama wote wadogo waliokufa. Wajerumani walikipa jina lenye maana ya mazishi bora kuliko yote duniani. Kwa Kiingereza kikawa All the Dear Little Animals, wanyama wadogo wapendwa. Maneno dead na dear yanatofautiana kwa herufi moja tu ya mwisho, na kwa herufi hiyo kifo kimeondolewa mlangoni. Ndani ya kitabu kifo kipo kama kilivyokuwa, ukurasa baada ya ukurasa. Aliyefichwa si mtoto, maana mtoto ataufungua. Aliyefichwa ni mtu mzima anayenunua, asije akaogopa.

Tulikuwa tayari kuwalaumu Waingereza. Kisha tukafika ukurasa ambao ndege mweusi anajigonga kwenye dirisha na kufa mbele ya macho ya watoto. Mtoto mmoja wa darasa letu, wa miaka kama mitano, akauliza: "Huyo naye amesafiri?"

Babu yake alikuwa amezikwa majuma machache kabla. Siku ya mazishi mtoto alipelekwa kwa jirani, akaambiwa babu amesafiri kwenda Masasi. Sisi wenyewe tulikuwa msibani, tukaisikia kauli hiyo, tukainyamazia. Na sasa, mbele ya darasa, tulinyamaza tena. Tunakiri kwamba mwalimu alifunua ukurasa uliofuata.

Jioni tulikwenda kwa bibi yake. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, wanangu, karibuni." Tulipomweleza swali la mjukuu, alikaa kimya kitambo. Akasema kwamba kila basi la Masasi likipita, mtoto hukimbilia barabarani na kutazama wanaoshuka. "Mimi neno hilo sikuweza kulitamka," alisema. "Nilidhani namwonea huruma. Kumbe nilijionea mimi."

Hatuwezi kumhukumu, kwa kuwa lugha yetu ya kanisani nayo imejaa majalada kama lile. Tunasema ametutoka, ametwaliwa, amelala. Ni maneno mema kwa mtu mzima anayejua kilicho chini yake. Kumbukeni safari ya Bethania. Bwana wetu alianza kwa neno la upole, kwamba Lazaro amelala. Wanafunzi walipolielewa vibaya, wakidhani ni usingizi wa kawaida, hakuwaacha katika kosa hilo. Aliwaambia waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Baada ya hapo alikwenda kaburini, na ingawa alijua atakachofanya, alilia. Upole ni mzuri mpaka pale unapomdanganya msikilizaji.

Kitabu cha tatu, Can You Whistle, Johanna?, ni cha Ulf Stark na mchoraji Anna Höglund, nacho kilitoka kwa Kiswidi mwaka 1992. Mtoto aitwaye Berra hana babu, naye anamwonea wivu rafiki yake aliye naye. Wanakwenda kwenye makao ya wazee, wanamkuta mzee Nils aliye peke yake, na Berra anamfanya kuwa babu yake. Mzee anamfundisha kupiga mluzi. Mtoto anajizoeza siku nyingi bila kuweza. Anapoweza na kurudi kumwonyesha, mzee ameshakufa. Basi Berra anapiga mluzi wake kwenye mazishi.

Mwenzetu mmoja alipinga kisisomwe, kwani kwetu mluzi kanisani ni utovu wa adabu. Tulijadiliana, tukakubaliana kwamba mtoto yule alitoa alichokuwa nacho, kama mjane na sarafu zake. Watoto wetu walishangazwa zaidi na wazee kukaa mbali na wajukuu. Tusijisifu. Kuna wazee kwenye mikorosho yetu ambao hutembelewa wakati wa mauzo ya korosho na Krismasi tu.

Je, vitabu hivi vinamfaa mtoto wa Kikristo? Jibu letu ni ndiyo, lakini havimtoshi. Nilsson na Stark wanamheshimu mtoto kwa kumwambia kweli na kumpa kazi ya kufanya msibani: kuchimba, kutunga, kulia, kupiga mluzi. Hapo wametushinda. Lakini watoto wa Nilsson wakishazika, faraja yao ni kuaga kwa heshima na kukumbuka, na kesho yake wanatafuta jambo jingine la kufanya. Misalaba midogo imesimama juu ya makaburi yao, na hakuna anayewaeleza ni ya nini. Hatuwalaumu waandishi kwa kutohubiri. Hiyo ni kazi tuliyopewa sisi, nasi tumekuwa tukimtoa mtoto nje kabla ya kuifanya. Tunaimba ufufuo kwa sauti kubwa huku mtoto anayeuhitaji yuko kwa jirani. Wala hawezi kuupokea hata akiusikia, maana aliyesafiri hahitaji kufufuliwa. Kumficha mtoto kifo ni kumficha na Pasaka.

Bibi yule alimchukua mjukuu wake mwenyewe mpaka kaburini, nasi tulimsindikiza kwa kuombwa. Alimwambia: "Babu yako amekufa. Amezikwa hapa. Hatashuka kwenye basi. Bwana Yesu atamwamsha, na mimi namngoja pamoja nawe." Mtoto alilia sana. Kisha akauliza kama angeweza kufagia majani juu ya kaburi, naye akaruhusiwa.

Tunawaomba wazazi na walezi wa mtaa wetu mambo mawili. La kwanza, msiba ukitokea, mtoto aambiwe kwa neno lililo wazi, na mtu anayempenda, kabla hajalisikia njiani. La pili, apewe kazi ndogo: kubeba maua, kushika kitabu cha nyimbo, kukaa karibu na bibi. Sisi walimu nasi tumebadili usomaji wetu. Tukikishika kitabu cha Nilsson, Kiingereza cha jalada tunakiacha na kusoma jina alilolitoa mwenyewe: wanyama wadogo waliokufa. Tukimaliza, tunarudi kwenye picha za misalaba na kuwaeleza watoto ilikotoka.

Bwana aliyelia kaburini atujalie ujasiri wa kuwaambia watoto wetu kweli yote, ya Ijumaa na ya Jumapili. Amina.