Avenyu Zilizolala: Tunatoa Nini, Tunapokea Nini?

Kati yetu wasomi wa Kasongo kuna wazo moja linalorudi kila mara mazungumzo yakigusa mpango wa mji. Linasema hivi: tuko na avenyu nyingi ambazo ziko kwenye plani tu. Ukienda kuzitafuta kwa miguu unakuta muhogo, migomba, nyasi, na ukuta wa jirani uliosogea mita mbili bila kuuliza mtu. Basi mji uziachilie. Wenye parsele za pembeni wagawane ile ardhi kwa karatasi halali, na wao nao waupe mji haki ya kupita ndani ya parsele zao: kijia cha mguu, mfereji wa maji ya mvua, bomba, waya ya umeme siku itakapofika. Mji haupotezi kitu, jirani anapata usalama, muhogo unaendelea kukua. Nani atakataa?

Mimi sikatai yote. Lakini nimelipima wazo hili mara nyingi, na kila mara naona mizani imelala upande mmoja. Wanaolitetea hawajatuonyesha bado ule mwingine.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Hiyo haki ya kupita, wanasheria wetu wanaiita servitudi. Ni ruhusa ya kutumia kipande cha ardhi ya mwingine kwa kazi iliyotajwa, basi. Kama servitudi ni ya maji, haikupi ruhusa ya kuweka kibanda. Avenyu ni kitu kingine kabisa: ni ardhi ya watu wote, unapita humo bila kumwamkia mwenye nayo. Kwa hiyo biashara yenyewe ni hii: tunatoa ardhi, tunapokea ruhusa.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme avenyu iko na upana wa mita 12 na urefu wa mita 100. Ni mita za mraba 1,200, ni kusema parsele mbili za mita 20 kwa 30. Kijia na mfereji wake, tuseme mita 2 kwa urefu ule ule: mita za mraba 200. Hata hizo 200 mji hauna tena, unapita tu. Nani analipa zile 1,000 zinazobaki? Katika wazo ninalosikia, hakuna. Zinaingia kwa wale ambao tayari wamesogeza ukuta. Na yule mzee aliyeheshimu plani miaka yote, ambaye hakupanda hata mti mmoja wa muhogo mbele ya nyumba yake, anajifunza kwamba alikuwa mjinga.

Najua jibu litakalokuja: barabara nazo hufa, tusilie juu ya maiti. Ni kweli, na sisi wa Kasongo tungekuwa watu wa mwisho kubisha. Kasongo ya wakati wa Tippu Tip, ile iliyoanguka mikononi mwa jeshi la Dhanis mwezi wa nne 1893, haikuwa hapa tulipo, ilikuwa Tongoni. Leo wataalamu wa akiolojia wamechimba pale kutafuta mabaki ya mahali ambapo zamani watu walikuwa na nyumba, majirani na njia. Hata jina linasema lenyewe, maana tongo ni mahame. Mji mzima uliachiliwa. Kwa hiyo siko upande wa wale wanaotaka kila mstari wa plani ulindwe kama hirizi. Mistari mingi ya aina hiyo, katika miji yetu ya Kongo, ilichorwa na watu waliofikiri gari kwanza, na wanaoitumia ni watu wa mguu, wa baiskeli na wa moto.

Ila hapo hapo ndipo neno "haitumiki" linaanza kunipa shida. Haitumiki na nani? Avenyu ambayo gari haijapita miaka kumi inaweza kuwa na watu kila asubuhi: mama na bidoni kichwani, watoto wa masomo, mtu anasukuma baiskeli yenye magunia ya mpunga pande mbili. Siku ya msiba inapita jeneza na watu wanne au sita wanaolibeba bega kwa bega. Jaribu kupitisha jeneza kwenye kijia cha mita moja na nusu kati ya kuta mbili, utaelewa kwa nini upana ni jambo. Na muulize mtu wa Kadutu, kule Bukavu, ambako moto unakula nyumba mara kwa mara: nyumba zimebanana, gari la kuzima moto halina pa kuingilia. Siku mbili kabla ya moto, ukiangalia, pale pia ungesema njia pana haina kazi.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wengi wetu tunaongea kana kwamba burugumesta anaweza kuamka asubuhi na kugawa avenyu. Hawezi. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, ardhi yote ya nchi ni mali ya Leta, na mtu anapata juu yake haki ya kuitumia tu. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mali ya Leta iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote haiuzwi wala haigawanywi mpaka iondolewe kwanza katika kazi hiyo kwa utaratibu. Hilo ndilo linaloitwa kwa Kifaransa désaffectation. Anayeuza kipande cha avenyu bila hatua hiyo anauza upepo, hata kama ana muhuri. Lakini mimi nailaumu sheria yenyewe pia. Kifungu hicho kinasema "kwa utaratibu" halafu kinanyamaza. Hakisemi kwamba watu wa kartie waulizwe. Hakisemi tangazo liwekwe wapi. Pengo hilo, kwa nchi kama yetu, ni mlango bila komeo.

Linganisha na jimbo la Washington, Marekani, ambako jambo hili la mji kuachilia barabara lina sheria yake maalumu. Sina haja ya kusifu Wamarekani, wana wizi wao wa ardhi mkubwa kuliko wetu. Lakini soma wanavyofanya. Wenye parsele za pembeni wanaandika ombi, na lazima wawe na zaidi ya theluthi mbili ya ardhi inayopakana na barabara hiyo. Tangazo linabandikwa siku 20 mbele ya kikao, katika mahali patatu ambapo watu wanapita sana mjini, na lingine pale pale kwenye barabara inayotakiwa kufa. Kikao ni cha wazi. Mji unaweza kubakiza servitudi ya bomba na waya katika uamuzi ule ule unaoachilia barabara, si nyuma yake. Na unaweza kudai bei: mpaka nusu ya thamani ya ardhi, na kama barabara imekuwa ya watu wote kwa miaka 25 au zaidi, thamani yote. Kisha kuna kifungu kimoja ambacho ningependa tukiibe: barabara inayofika majini ina ulinzi wake wa pekee, haiachiliwi ovyo ovyo kwa faida ya mtu binafsi.

Hebu fikiri hilo hapa kwetu. Njia ya mtoni, njia ya kisima. Ni njia zipi zinazoonekana "tupu" kwenye plani kuliko hizo? Na ni zipi ambazo tukizifunga, binti wa miaka kumi na mbili ndiye anayelipa kwa kuzunguka?

Hata huko kwenye utaratibu mwingi, watu wanagombana. Mwaka 2016, huko Seattle, tajiri mmoja alitaka mji umwachilie kipande cha avenyu moja ili ajenge uwanja wa basketi. Baraza la mji lilipiga kura hadharani, na ombi likaanguka kwa kura 5 dhidi ya 4. Watu wa bandari walikuwa wamesema kwamba eneo lile ni njia ya mizigo yao. Ninachokipenda katika hadithi hii ni kwamba kila mtu alijua nani alipiga kura gani. Kwetu, avenyu inaweza kupotea na usijue hata jina la aliyeipoteza. Unakuta matofali tu.

Tatizo kubwa zaidi ni la wakati. Servitudi ya mdomo inakufa na aliyeitoa. Leo baba fulani anasema mbele ya shefu wa kartie, "Piteni tu, ni nyumbani." Kesho anafariki, watoto wanauza parsele kwa mtu wa kutoka mbali, na mtu huyo anaonyesha sertifika yake: humo hamna neno juu ya kijia. Anafunga. Na sertifika kwetu ni karatasi nzito. Ikipita miaka 2, kuipinga ni kazi ngumu sana. Mwenye malalamiko anaelekezwa zaidi kudai malipo ya hasara kuliko kurudishiwa haki. Kwa upande mwingine, mji ukija kuihitaji tena ile avenyu, hauna njia nyepesi. Itabidi Leta ipite kwenye sheria ya 1977 ya kunyang'anya mali kwa faida ya watu wote, na hiyo inadai fidia. Kutoa ni siku moja, kurudisha ni miaka na makuta ambayo hatuna.

Hayo nayasema bila kusahau kosa la upande wa pili, yaani kushikilia barabara isiyotumika na kunyamaza. Tunalo somo la jirani, Tanzania. Kwenye barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kwenda Kiluvya, nje kidogo ya Dar es Salaam, serikali ilikuwa inahesabu hifadhi ya barabara ya mita 121.5 kila upande. Ukanda huo mpana ulikaa miaka mingi. Watu wakajenga nyumba, maduka, nyumba za ibada. Mwaka 2017 zikaja alama za X nyekundu ukutani, kisha mashine. Wengi walivunjiwa bila fidia. Barabara ikapanuliwa, ni kweli, na ni nzuri. Lakini mita 121.5! Hapo ndipo biashara ya kubadilishana ingekuwa na maana: serikali ibaki na upana inaouhitaji kwa kweli, iachilie sehemu ya nje kwa karatasi, na juu ya sehemu hiyo iandike servitudi ya bomba na waya. Watu wangejua mapema wapi wajenge kwa matofali na wapi wapande mboga tu.

Kwa hiyo wanaotetea wazo hili hapa Kasongo hawajakosea dawa. Wamekosea mpangilio. Wao wanasema: tugawe ardhi, kisha majirani watatuachia njia. Mimi nasema servitudi iandikwe kwanza, kwa vipimo, upana na urefu, mbele ya konservateri, ndani ya sertifika ya kila parsele inayoguswa, na neno lake lisomeke kwa mtu yeyote atakayenunua kesho. Nyuma ya hapo ndipo avenyu iondolewe kwenye mali ya watu wote. Anayekataa kuandikiwa asipewe hata mita moja. Tangazo lipigwe msumari pale pale kwenye muhogo, kwa Kiswahili, na lisomwe sokoni, maana karatasi ya Kifaransa kwenye ukuta wa biro haijawahi kumfikia mama wa bidoni. Njia za maji, za masomo na za makaburi zisiguswe kabisa. Na ardhi ilipiwe, hata kidogo kidogo, ili makuta yachimbe mfereji ambao wote tunaahidiwa.

Mtu ataniambia kwamba vipimo vinataka mpimaji, mpimaji anataka franka, na mji hauna. Sawa. Ndiyo sababu ningeanza na avenyu moja tu kwa mwaka mzima, ile ambayo majirani wote wamekubali na ambayo haielekei mtoni. Tukishindwa kupima moja, tutagawaje ishirini?

Na mwenye wazo akirudi tena kunieleza, nitamwomba jambo dogo. Tuende pamoja saa kumi na mbili asubuhi kwenye avenyu anayoiita tupu, tukae juu ya jiwe, na tuhesabu vichwa mpaka saa mbili.