Mlaji na Mliwa: Wahusika Wanyama katika Ushairi wa Upuuzi wa Lear na Carroll

Ni rahisi kudai kwamba wanyama wa ushairi wa upuuzi wa Kiingereza ni vichekesho visivyo na maana. Mtafiti anaipinga hoja hiyo kwa kuchunguza swali moja: nani anakula, na nani analiwa?

Katika shairi la Edward Lear kuhusu bundi na paka (1871), wasafiri wote wawili ni wanyama wawindaji. Lear hakuwa mgeni wa maumbile yao. Kitabu chake cha michoro ya kasuku, kilichokamilika mwaka 1832, kinaonyesha jicho la mwanasayansi. Hata hivyo bundi na paka wake hawawindani, bali wanachumbiana. (Msomaji wa Kiswahili hana budi kuiweka kando nuksi ya bundi.) Pesa zao zimefungwa katika noti ya pauni tano, pete inanunuliwa kwa nguruwe kwa shilingi moja, na bata mzinga, ndege wa kuliwa, ndiye anayewafungisha ndoa. Adabu zote za arusi zinazingatiwa. Upuuzi uko katika miili iliyovishwa adabu hizo. Lakini karamuni mna nyama ya kusaga, ikiwa tumelielewa vyema neno la Lear, na shairi halisemi ni nyama ya nani.

Lewis Carroll hafichi. Katika shairi la Walrasi na Seremala, lililomo katika kitabu cha pili cha Alice (1871), chaza mzee anakataa mwaliko wa matembezi. Chaza wadogo wanakwenda, wamevaa viatu ingawa hawana miguu, na wote wanaliwa. Walrasi anawalilia huku akichagua walio wakubwa. Hapa adabu ni chombo cha njaa.

Mtu aliyezoea ngano za Sungura na Fisi atadhani amelipata funzo: vijana wawatii wazee. Carroll, hata hivyo, anamweka Alice kama msikilizaji anayejaribu kuhukumu. Alice anampendelea Walrasi kwa huruma yake, anaambiwa alikula zaidi. Anamgeukia Seremala, anaambiwa naye alikula kadiri alivyoweza. Anabaki bila wa kumpendelea. Kigezo cha funzo, ambacho uhakiki wetu wa fasihi ya watoto hukitanguliza, kingemsifu chaza mzee na kuyaacha machozi ya Walrasi bila maelezo.