Jahazi, Shwari na Deni: Uhakiki wa Lugha ya Matangazo ya Mikopo ya Simu Kenya na Tanzania

Kwa miaka mingi tangazo la biashara katika Afrika Mashariki lilikuwa jambo la hadharani. Lilichorwa kwenye ukuta wa duka, likasomwa redioni, likabandikwa kando ya barabara. Aliyelisikia alilisikia pamoja na jirani zake, nao waliweza kulipima, kulicheka au kulipinga. Simu ya mkononi imeliondoa hadharani. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, pochi, benki na ubao wa matangazo vimekutana katika kifaa kimoja. Makala haya yanahakiki majina ya huduma za mikopo ya simu na kudai kwamba jina lenyewe sasa ndilo tangazo, ilhali kitu kinachotangazwa, yaani deni, hakitajwi.

Kampuni ya Safaricom iliuita mkopo wa muda wa maongezi Okoa Jahazi. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo. Majina yote mawili yamechotwa baharini. Katika fikra za Waswahili jahazi ni chombo cha wengi: likiyumba, abiria na mabaharia huokoana bila kuandikiana hesabu. Shwari ni utulivu wa bahari, faraja ya kila msafiri. Hivyo makubaliano ya mtu mmoja na kampuni yamevishwa vazi la ushirika, na mkopeshaji akaonekana kama baharia mwenza.

Kundi la pili ni Fuliza, iliyozinduliwa Kenya mwaka 2019, na Songesha ya Vodacom nchini Tanzania. Haya ni majina ya vitenzi katika hali ya kuamuru. Kufuliza ni kuendelea na jambo bila kukatiza. Kusongesha ni kukifanya kitu kisonge mbele. Okoa Jahazi walau lina yambwa: kinachookolewa kinajulikana. Fuliza nini? Songesha nini? Nafasi ya yambwa imeachwa wazi, na msikilizaji huijaza kwa haja yake ya siku hiyo: karo, dawa, nauli. Kinachoendelea bila kukatizwa, iwapo malipo yatachelewa, ni deni.

Teknolojia ya kidijitali imebadilisha pia wakati wa tangazo. Zamani, kati ya kusikia na kununua palikuwa na mwendo wa kutoka nyumbani hadi dukani, na mwendo huo ulikuwa nafasi ya kufikiri. Kwa mteja aliyejisajili, Fuliza hukamilisha malipo pale salio lisipotosha, kisha ada hutozwa kwa siku. Ushawishi, makubaliano na ununuzi vimebanwa katika mibofyo michache, tena saa ambayo mtu yuko mbele ya muuzaji na foleni iko nyuma yake. Ni vigumu kwa mhakiki wa lugha kulitenga neno na saa linapotamkwa.

Haki isemwe: majina haya yamethibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba huduma za kisasa za fedha bila kuazima Kiingereza, na wapenzi wa lugha wana sababu ya kufurahi. Hata hivyo, ustawi wa msamiati si sawa na ustawi wa msemaji. Programu moja ya mikopo iliyojulikana Kenya kama Mkopo Rahisi ilibadilishwa jina ikawa Tala. Neno lililotaja jambo waziwazi likatoweka. Wasemaji wenyewe wameanza kusahihisha. Mkenya anaposema “nina Fuliza,” anamaanisha ana deni. Kitenzi kimegeuzwa nomino, na maana iliyofichwa imerudishwa mahali pake.

Sheria zina pa kuanzia. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike na bidhaa au huduma, na Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya wazi, itolewayo kwa ufahamu. Tanzania ilipitisha sheria yake ya taarifa binafsi mwaka 2022. Lakini ridhaa haiwi ya ufahamu ikiwa lugha ya kuvutia ni nyepesi na lugha ya masharti ni nzito.

Kwa hiyo mamlaka za usimamizi zidai mambo matatu yaonekane kwa Kiswahili sanifu katika skrini ileile yenye jina la huduma, kabla mteja hajathibitisha: neno mkopo, jumla ya kulipa, na siku ya kulipa. Mabaraza ya lugha, ambayo kwa kawaida huombwa istilahi, yaombwe pia kupima uwazi wa matini hizo. Kampuni ibaki na jahazi lake; abiria aambiwe nauli kabla ya kupanda.