Chapati za Mkesha wa Krismasi

Unga wa ngano ukishakandwa vya kutosha huliacha beseni wenyewe. Mwanzoni hung'ang'ania kila kitu: vidole, pete, kingo za beseni. Mama anausukuma kwa kiganja, anaukunja, anaugeuza, anausukuma tena, uzito wote wa mabega ukishuka mikononi. Hakuna saa ya ukutani inayomwambia aache. Anaendelea mpaka beseni linabaki safi, mikono inabaki safi, na ukiubonyeza unga kwa kidole, shimo linajaa tena polepole. Hapo anavuta pumzi, anaupaka mafuta kidogo juu, anaufunika kwa kitambaa na kuuacha.

Ndivyo asubuhi ya tarehe 24 Desemba inavyokwenda katika nyumba nyingi za Gilgil, na kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu. Nje, barabara kuu imejaa. Matatu na mabasi yanapanda kutoka Nairobi kwenda Nakuru, Eldoret, Kisumu, Busia. Mizigo imefungwa juu, watoto wamelala mapajani. Wasafiri wenye nafasi husimama Kikopey kula nyama choma, na wachomaji wa Kikopey wanajua moto, hilo halina ubishi. Sifa zao zimeenea nchi nzima. Mpishi wa chapati za mkesha hana kibao cha tangazo barabarani. Watakaomsifu ni watu wa nyumbani na majirani wachache, na wengi watakula bila kuuliza zilipikwaje.

Kwetu bara, Krismasi bila chapati haijakamilika. Nyama inaweza kuwa kidogo, soda inaweza kugawanywa chupa moja kwa watoto watatu, nguo mpya zinaweza kukosekana, lakini chapati lazima ziwepo. Waliolelewa miaka ambayo unga wa ngano na mafuta ya kupikia vilikuwa vitu vya anasa wanakumbuka kwamba chapati zilionekana sikukuu tu, na mtoto alihesabiwa zake. Leo chapo na ndengu zinauzwa kwenye kila kibanda, na mfanyakazi wa mjengo hula saa sita bila kufikiria sikukuu yoyote. Bado za Krismasi zina heshima yake. Zinapikwa nyingi kupita idadi ya waliomo ndani, kwa kuwa mpishi anajua watakuja watu ambao hajawaalika.

Chapati haikuzaliwa hapa. Ilikuja na Wahindi. Pwani ilikuwa imewazoea kwa karne nyingi, lakini huku bara wengi walikutana nao kwenye reli: vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa na Waingereza kati ya 1896 na 1901 kuijenga njia kutoka Mombasa hadi Kisumu. Reli ilishuka Bonde la Ufa, ikapita Gilgil, ikafika Nakuru mwaka 1900. Ngano nayo ikafuata. Lord Delamere alihangaika nayo kule Njoro, ugonjwa wa kutu ukimharibia mazao, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga iliyoitwa Unga. Siku hizi sehemu kubwa ya ngano tunayokula huja kwa meli, lakini Njoro na Mau Narok bado wanalima, na mavuno ya huku Nakuru huangukia miezi ya mwisho ya mwaka, Krismasi ikikaribia. Sioni aibu yoyote kwamba chakula cha sikukuu yetu tulikipata kutoka kwa wafanyakazi waliokuwa Wahindu, Waislamu na Masingasinga. Habari yenyewe ya Krismasi ina wageni kutoka mashariki waliofika na zawadi mikononi, na hakuna aliyewarudisha mlangoni.

Turudi kwenye beseni. Unga umefunikwa, na sasa kazi ngumu kuliko zote ni kutoufunua, hasa mjukuu akianza kumsihi bibi yake.

"Shosho, si tuanze?"

"Bado, mjukuu wangu. Acha unga ulale kwanza."

Shosho ana sababu. Unapokanda, gluteni, zile nyuzi za protini zilizomo ndani ya ngano, hujengeka na kukaza. Ukianza kusukuma wakati huo, unalifungua duara nalo linajikunyata kurudi lilikotoka. Unasukuma tena, linajikunyata tena, na mwishowe unapata chapati nene, ngumu, ya kuvutana na meno. Nusu saa ya kupumzika huzilegeza nyuzi zile. Gilgil iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na asubuhi za Desemba zina baridi, kwa hiyo wapishi wengi huuacha unga zaidi ya hapo, au huliweka beseni karibu na jiko. Maji ya kukandia nayo huwa vuguvugu kwa sababu hiyohiyo. Wengine hutia karoti iliyoparuzwa au malenge yaliyopondwa, na rangi ya chapati inakuwa ya dhahabu. Mimi napenda ya malenge, ingawa najua wapo watakaoniambia hiyo si chapati.

Kwa Wakatoliki na Waanglikana, Jumapili nne kabla ya Krismasi ni za Majilio, kipindi cha kungoja. Nimesikia mahubiri mengi ya Majilio, na mengine yalinigusa. Lakini mtoto aliyeketi kando ya beseni lililofunikwa, anayeona kwamba hata shosho mwenye haraka za sikukuu hathubutu kulifunua, anajifunza kungoja kwa mwili wake mzima. Tena anaona kwamba anayengoja hakai bure. Shosho anachambua ndengu, anapepea makaa, anapangusa kibao, anamtuma mtu kwa jirani kuazima kifimbo cha pili cha kusukumia. Mambo yote yanaandaliwa kuuzunguka ule unga uliolala, na hakuna hata mtu mmoja anayedai kuuharakisha. Sijapata maelezo mazuri zaidi ya Majilio.

Wako wahubiri wanaopenda kukigeuza kila kitu cha Krismasi kuwa fumbo: tawi la mti lililopambwa pamba na baluni ni hiki, mshumaa ni kile, chapati ni duara kwa kuwa upendo wa Mungu hauna mwisho. Sina ugomvi nao. Watoto hukumbuka mambo ya namna hiyo. Mimi naona imani imekaa ndani zaidi ya umbo la chapati. Imekaa katika namna kazi inavyofanywa, na kwa ajili ya nani.

Unga umeamka. Anaumega vipande vinavyolingana akikadiria kwa kiganja. Pakiti ya kilo mbili itatoa chapati 20 na ushei. Kila donge analisukuma liwe duara pana, analipaka mafuta kwa mgongo wa kijiko mpaka ukingoni, analikunja liwe utepe mrefu, na utepe huo anauzungusha kama Mkorino anavyozungusha kilemba chake, ncha ya mwisho akiifichia chini. Hapo ndipo tabaka zinapofanyika. Mafuta yamekaa kati ya kunjo na kunjo, na chapati ikipata moto, mvuke utazitenganisha. Ukiipasua ikiwa moto utaziona, nyembamba, zikiachana moja moja. Mpishi mvivu huiruka hatua hii. Anasukuma mara moja na kutupa kikaangoni, na chapati yake kwa nje haina tofauti na ya mwenzake. Ukiitia mdomoni ndipo utajua.

Madonge yaliyozungushwa nayo yanafunikwa, yanapumzishwa mara ya pili. Naam, tena. Kisha yanasukumwa kwa mara ya mwisho, na hapa ndipo mkono uliozoea unapojulikana. Kifimbo hakikandamizi katikati. Kinatoka katikati kwenda nje, chapati ikizunguka yenyewe kidogo kila kinapopita, mpaka ukingo na kiini vinakuwa na unene mmoja. Anayejifunza hutoa ramani ya Afrika. Shosho hamcheki. Anaichukua ramani hiyo, anaipika, na anaiweka kwenye rundo pamoja na zake.

Moto wa makaa unataka kusomwa. Ukiwa mkali, chapati inaungua nje na ndani bado mbichi. Ukiwa mdogo, inakauka kabla haijaiva. Kikaango kizito kinawekwa kikiwa kikavu. Chapati inaingia bila mafuta, vipovu vinaanza kuinuka, inageuzwa. Ikishashika upande wa pili ndipo inapopakwa mafuta, inageuzwa tena, na kingo zinabonyezwa kwa kitambaa kilichokunjwa ili zisibaki na ubichi. Madoa ya kahawia yanajitokeza. Inatolewa, inawekwa ndani ya kitambaa safi kwenye hotipoti, na nyingine inalazwa juu yake, ili mvuke wa moja uilainishe nyingine. Chapati iliyoachwa peke yake kwenye sahani hukauka.

Ya kwanza huwa ya kupima moto. Haiingii hotipoti. Anairarua vipande na kuwapa watoto waliozunguka jiko, wake na wa jirani bila kubagua, na yeye mwenyewe hajaonja kitu.

Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme kuna mama ambaye wapishi wetu wangeelewana naye mara moja. Ni yule mjane wa Sarepta, wakati wa ukame, aliyebaki na konzi ya unga pipani na mafuta kidogo chupani. Alikuwa akiokota kuni ampikie mwanawe na nafsi yake mlo wa mwisho. Nabii Elia akamwomba amtengenezee yeye kwanza mkate mdogo. Unga, mafuta, kuni, na mgeni anayeomba apewe kabla ya mtoto wa nyumbani: huo ndio mtihani aliowekewa. Akapika, akampa, na unga haukuisha pipani. Tunapoisoma habari hii kanisani tunakimbilia muujiza. Mimi nabaki kwenye ile dakika aliyotia mkono pipani akijua kilichobaki. Mama wa Gilgil anayefungua pakiti ya tatu ya unga tarehe 24 Desemba anajua vilevile kwamba Januari inakuja na karo, sare na vitabu. Hesabu hiyo ameifanya, na bado anakanda za kuwatosha wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na wengi wetu huisema tukiwa upande wa mgeni. Mama huyu anaisema akiwa upande wa unga.

Jioni sahani zinaanza kutembea. Chapati nne au tano, zimefunikwa kwa sahani nyingine, zinabebwa na mtoto hadi mlango wa jirani. Kwa desturi sahani hairudi tupu: itarudi na ndizi, na kipande cha kuku, na pilau ikiwa jirani ni mtu wa pilau. Gilgil ni mji wa watu waliochanganyika, Wakikuyu, Waluhya, Waluo, Wakalenjini, Waturkana na wengine, kwa hiyo sahani hizo mara nyingi huvuka kabila.

Jambo hilo si dogo hapa kwetu. Krismasi ya 2007 ilikuwa Jumanne, na Alhamisi tarehe 27 nchi ikapiga kura. Ghasia zikafuata, na kabla Januari haijaisha Naivasha na Nakuru, miji inayoikabili Gilgil pande zote mbili, ilikuwa ikiungua, na watu walioishi ukuta kwa ukuta walikuwa wamekimbiana. Kambi za wakimbizi wa ndani zikawekwa pande za Gilgil na Naivasha, na wako waliofanya Krismasi zaidi ya moja ndani ya mahema. Sisemi chapati ingezuia ghasia zile. Nasema kwamba mama aliyeendelea kufunika sahani na kuituma mlango wa jirani wa kabila jingine baada ya mwaka ule alifanya tendo la imani zito kuliko nyimbo nyingi tulizoimba, na alilifanya bila kutangaza.

Nina neno moja kwa wanaume wenzangu. Tunamsifu mchomaji wa nyama kwa kuwa tunamwona, naye anafanya kazi tukiwa tumekaa hapo, tunazungumza, tunaonja. Mwenye chapati tunamwacha na moshi jikoni tangu asubuhi, kisha kesho yake tunashangaa kwamba amefika kanisani amechoka. Yohana, katika sura ya mwisho ya Injili yake, anamwonyesha Bwana aliyefufuka akiwa kando ya ziwa alfajiri, moto wa makaa umeshawashwa, samaki juu yake, na mkate. Aliwapikia wavuvi waliokesha bila kupata kitu, akawaita waje wale. Mwanaume anayeona jiko halimhusu asisome sura hiyo kwa haraka.

Basi tarehe 24 mwaka huu, pita dukani mapema ununue pakiti moja ya unga kupita ulivyopanga. Nawa mikono, uliza beseni liko wapi, na ukande mpaka liwe safi. Ukiambiwa unga ulale, uache ulale. Yako ikitoka ramani ya Afrika, iende motoni hivyohivyo. Na zikiiva, kabla ya kukaa mezani, funika sahani moja uipeleke mwenyewe kwa jirani ambaye hamjawahi kupelekeana chochote.